Matumbawe ya Mwalimu Severa

Enyi majirani, wenye nyumba na wapangaji, wake kwa waume, sogeeni niwaeleze yaliyomfika Theophil, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Nasimulia kwa uchungu, maana ile ilikuwa nyumba ya amani, na aliyeivunja hakuwa mlevi wala mwizi.

Miaka ile suti ya Kaunda ndiyo iliyokuwa vazi la kila mwenye cheo, na Theophil alizishona mpaka watu wakatoka Ilala kumfuata. Mkewe, Severa, alikuwa mwalimu wa baiolojia shule ya sekondari. Wote wawili ni watu wa Kibosho, Wakatoliki, wapole. Mtoto hawakujaliwa. Kila mimba ya Severa ilitoka kabla ya wakati wake, na baada ya ile ya mwisho mwanamke yule akanyamaza, akawa anaongea darasani tu.

Siku moja alipeleka wanafunzi ufukweni Kunduchi, akakuta matumbawe yaliyovunjwavunjwa na baruti za wavuvi. Vipande vichache vilikuwa bado hai. Akavibeba ndani ya ndoo. Akamtafuta fundi wa vioo mtaa wa Gerezani, akatengenezewa sanduku la kioo, akalijaza maji ya bahari na mawe, akaunganisha kipampu cha hewa, akaliweka sebuleni karibu na dirisha. Taratibu, vile vipande vikashika. Kimoja kikawa cha kahawia, kingine kijani, kingine zambarau, na juu yake vidomo vidogo laini vikawa vinachezacheza majini. Severa akaanza kucheka tena.

"Hivi vinakula nini?" Theophil alimuuliza Jumapili moja, wametoka misani, wamekaa wanavitazama.

"Mwanga, na vijidudu usivyoviona humo majini. Kazi kubwa ni kuviacha, Theo. Ukiviharakisha umeviua."

Basi, mimba ikaingia tena. Safari hii daktari hakutaka mchezo: Severa akalazwe hospitali, alale chali mpaka ajifungue. Asubuhi ya kuondoka alimshika mumewe mkono mbele ya lile sanduku.

"Maji yakipungua, kinachokwenda ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo ongeza ya mvua, yale ya kwenye pipa, usiongeze ya bahari. Watu wasitupie chakula. Dawa ya mbu usipige humu. Na ukiona rangi inapauka, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, nimekusikia," alijibu Theophil. Pasi ya mkaa ilikuwa mkononi, suti ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa inasubiriwa. Jamani, kusikia huku ndiko kusikia gani?

"Na uje unione, Theo. Kule wodini nitakuwa peke yangu."

"Kila Jumapili, mke wangu. Ondoa wasiwasi."

Jumapili ya kwanza alikwenda, na chupa ya mtori mkononi. Ya pili akaja balozi, Ndugu Vitalis, kuchukua suti yake. Alipochungulia sebuleni akashika kiuno.

"Ala! Fundi, umeihamishia bahari Kariakoo?"

Theophil angesema, "Ni kazi ya mke wangu." Maneno yalimfika mdomoni. Lakini mtu mzito kama balozi anakutazama kwa macho yale, ulimi unateleza. "Tunajitahidi, Ndugu Balozi," akasema.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Jumapili iliyofuata balozi alileta wageni, na wageni wakaleta wageni. Theophil akawa mwenyeji wa watu. Na nyumba zetu mnazijua: mgeni hakai mikono mitupu, naye hapendi kula peke yake. Wenye mkate wakamega wakatupia majini, wenye maandazi wakatupia. "Wale nao, masikini!" walisema, wakacheka. Theophil alicheka nao. Mbu walipowasumbua wageni, alifunga madirisha akapiga dawa, akasubiri kidogo, akawafungulia. Maji yalipopungua, akaagiza ndoo za maji ya bahari kutoka Feri, kwa kuwa aliona haya kuwaeleza watu kwamba viumbe vya baharini vinanyweshwa mvua. Maji yalipoanza kunuka, alifukiza udi.

Na hospitali? Hospitali akawa anatuma salamu.

Aliyezipeleka ni mama mmoja wa Kilindi, jina lake Mgeni, aliyepanga chumba cha uani, ambaye kila alipopata nafasi alimpelekea Severa uji. "Shemeji," alimwambia Theophil, "mwenzio anakuulizia. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa."

"Nitakwenda, Dada Mgeni. Jumapili hii nina wageni wa balozi."

"Jumapili iliyopita nayo ulikuwa na wageni."

"Sasa niwafukuze?"

Mgeni alisonya, akaondoka na kikapu chake.

Baada ya muda, yale matumbawe yakaanza kubadilika. Kahawia ikafifia, zambarau ikaondoka, mwisho vyote vikawa vyeupe pe. Wageni wakastaajabu. Weupe ule wote waliujua, ni ule wa matumbawe makavu wanayouziwa watalii. "Sasa ndiyo yametakata!" alisema balozi. Theophil naye akaamini, kwa sababu kuamini kulimpendeza. Akamtuma Mgeni: "Mwambie mke wangu matumbawe yake yamekuwa meupe kama theluji ya mlimani kwetu. Atafurahi."

Mgeni, asiyejua lolote la matumbawe, akazifikisha salamu zile neno kwa neno. Severa aliinuka kitandani, nesi akamrudisha.

"Dada, yanakufa hayo," alisema, na machozi yakamtoka. "Mwambie Theo aje leo. Aje, nimweleze la kufanya. Mwambie namwomba."

Mgeni alirudi mbio mbio mchana wa jua kali. Alimkuta Theophil amevaa suti mpya, anapanga viti, chupa za soda ziko mezani.

"Shemeji, Severa anakuita. Leo hii. Analia."

Theophil alitazama nje. Wageni walikuwa wanashuka kwenye gari. "Mimba inampa wasiwasi tu. Hajayaona yalivyopendeza. Mwambie nakwenda kesho."

Siku hiyo hiyo, wageni wakiwa bado wanakunywa soda, mimba ya Severa ilitoka. Sitaki kuwadanganya, ndugu zangu. Daktari alisema mtoto alikuwa dhaifu tangu mwanzo, na huenda asingepona hata baba yake angekesha pale. Lakini Severa alimwuliza nesi mara nyingi kama mume wake amefika, na kila mara nesi alikwenda kuchungulia mlangoni.

Theophil alipopata habari alilia, tena alilia kwelikweli. Alimrudisha mkewe nyumbani amemshika bega. Walipoingia ndani akawaza amfurahishe kwa kitu gani, masikini, akawaza kile tu alichokuwa nacho. Akamfikisha mbele ya sanduku.

"Angalia, mama. Angalia yalivyotakata."

Severa alitumbukiza mkono majini. Akagusa kipande kilichokuwa cha zambarau. Hakikuwa na ulaini wowote.

"Hii ni mifupa, Theo," alisema. "Nani aliyekwambia mifupa inapendeza?"

"Watu wote walisifu..."

"Watu." Akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Nilikuita. Mgeni alikuja hapa akakuambia nakuita. Ulikuwa na watu."

Theophil alipiga magoti, akaomba radhi. Akaahidi kwenda Kunduchi kutafuta vipande vingine, akaahidi kufunga mlango wasiingie wageni tena. Severa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutukana, hakupandisha sauti. Kesho yake alikuja kaka yake, Pius, akambebea sanduku lake la nguo, wakaenda kituo cha mabasi ya Moshi.

Wageni walikuja tena Jumapili. Theophil aliwakaribisha, akawapa viti. Balozi akauliza, "Mwalimu yuko wapi, fundi? Jumapili zote hizi hatujamwona." Theophil akakaa chini mbele yao wote akalia. Wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja, na soda zao hawakuzimaliza.

Mafunzo

Ndugu zangu, kitu chenye uhai ukikabidhiwa, kiwe mke, kiwe mtoto, kiwe kijitumbawe ndani ya kioo, sikiliza maneno ya aliyekukabidhi, usisikilize sifa za wapita njia. Mpita njia anasifu anachokiona, kisha anakwenda zake. Na kiumbe kinachokutegemea hakina sauti ya kupiga kelele. Kinapauka tu, kimya kimya, na wewe huku unapigiwa makofi. Mwenzako akikuita, acha wageni, acha suti, nenda. Theophil yupo mpaka leo pale Sikukuu, anashona. Kila mwaka humwandikia Severa barua kwenda Kibosho, na majibu hayajaja.