Shela kwenye Pejo ya Shangazi

Siku Ludovika alipokutana na Thadei, alikuwa anasukuma harusi ya watu. Pejo nyeupe, kuukuu, iliyopambwa riboni toka boneti hadi buti, ilikuwa imezimika katikati ya soko kuu la Songea, baina ya wauza dagaa wa Nyasa na wauza mitumba. Bibi harusi alijiinamia kwenye kiti cha nyuma kana kwamba yeye ndiye aliyeizima. Dereva, kijana mrefu wa koti jeusi na glavu nyeupe, alichomoza kichwa dirishani.

"Jamani, nisukumeni! Padri anasubiri!"

Ludovika aliweka kikapu chini, akasukuma. Gari lilipowaka lilimtemea moshi kwenye gauni lake la manjano, la mtumba lakini la kiwango, alilolivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Dereva akashuka mbio, akaiacha harusi ikinguruma.

"Dada, samahani sana. Gauni hilo nitalifua mwenyewe."

"Utalifua na glavu hizo?"

Kijana akacheka. Ludovika alikuwa tayari na matusi mdomoni, akajikuta naye anacheka. Ndiyo mapenzi hayo, hayapigi hodi.

Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, magari ya Japani yalikuwa yameanza kuingia mjini, lakini kuolewa kulibaki kuolewa ndani ya Pejo ya Shangazi Getruda. Mabibi harusi wa Mfaranyaki, wa Lizaboni, hata wa Peramiho, walikikalia kiti kile cha nyuma. Ilipopita, akina mama waliacha vyungu motoni, wakaziba barabara kwa vigelegele, na haikuruhusiwa kuendelea mpaka bibi harusi afunuliwe uso. Thadei, mtoto wa kaka yake shangazi, ndiye aliyekuwa dereva wake.

Simu za Thadei zikaanza kumiminika kwenye duka la vitenge la Mzee Chande, alikofanya kazi Ludovika.

"Haloo, hapo ni dukani?"

"Ndipo. Unataka kitambaa gani?"

"Namtaka muuzaji."

"Muuzaji hakatwi kwa mita, kaka."

"Basi nifungie mzima mzima, laazizi."

Mzee Chande akakohoa. "Ludovika, mwanangu, simu ya biashara hiyo."

Mambo yalikuwa matamu, ila yalikosa kitu kimoja. Ludovika alitaka kuolewa, na mshenga hakuonekana. Kila jioni baba yake alitazama mlangoni, kisha akamtazama yeye, kisha akavuta blanketi. Ludovika alimpenda Thadei mpaka akaona aibu, na hofu ya kuachwa kwenye mataa ilikuwa imeanza kumnyima usingizi.

"Jumapili hii uje kwetu basi," alimwambia kwenye simu.

"Jumapili siwezi, malaika wangu. Nina... nina harusi."

"Ya nani?"

"Ya mtu mmoja wa Madaba. Humjui."

Thadei hakuwa na kipaji cha uongo. Akidanganya, sauti yake hupanda juu kama ya jogoo mchanga. Ludovika alikata simu.

Jumapili hiyo, wakati watu wanatoka misani, Pejo ikapita mbele ya kanisa na maua yake yote. Thadei alikuwa kwenye usukani, koti jeusi, glavu nyeupe. Nyuma alikaa mtu mnene, kimya, amefunikwa shela mpaka kiunoni.

"Mbona simwoni bwana harusi?" aliuliza Violet, rafiki yake Ludovika, ambaye ulimi wake haukujua Jumapili. "Au ndiye huyo anayeendesha?"

Ludovika alilifuata gari kwa macho. Gari halikukata kona ya mjini, lilishika njia ya Ruhuwiko. Huko vijana walikuwa wamepanga mbio, mara ya kwanza Songea: kila mwenye gari aje nalo, la kazini au la kwendea sokoni, azunguke mapipa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, na zawadi ni debe la pombe ya ulanzi na sifa. Kumbe wanakwenda kujionyesha mbele ya watu! Ludovika akapanda lori la watazamaji na viatu vyake vya kanisani.

Alifika vumbi limetanda. Korola ya Majidi, muuza vipuri, ilikuwa mbele, na nyuma yake, riboni zikipepea, Pejo ilikuwa inaifukuzia vilivyo. Ilipokaribia kona ya pili, akina mama wakaiona.

"Harusi! Harusi jamani!"

Vigelegele vikapasuka. Kanga zikatandazwa njiani. Thadei akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likaserereka na kusimama mbele ya ukuta wa akina mama wanaocheza. Majidi akapotelea vumbini akipiga honi.

"Mama zangu, nipisheni, haya ni mashindano!"

"Afunuliwe kwanza!" alisema Mama Walburga, jirani yao Ludovika, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Ludovika alijipenyeza, machozi yakimchoma.

"Thadei! Huyu ndiye wa Madaba?"

"Ludo! Ngoja, usifungue..."

Alifungua. Akalishika shela kwa mikono miwili, akalivuta. Gunia la mahindi likamtazama, limefungwa kamba kifuani, limenyooka kwa heshima zote.

Uwanja mzima ukavunjika mbavu.

"Thadei," alisema Ludovika polepole, "umeoa gunia?"

"Pejo ni nyepesi nyuma, mpenzi. Kwenye kona mkia unahama. Nikaweka gunia liutulize."

"Na shela?"

"Pazia la shangazi. Akijua ni mbio, funguo sizioni tena. Nikamwambia nina harusi, akapamba gari. Sasa gunia ndani ya maua watu wangenicheka, nikalifunika."

"Na mimi ukanidanganya kwa nini?"

"Si mnaimba kwaya moja na shangazi? Angejua."

Hilo lilikuwa kweli, na Ludovika alilichukia. "Na mshenga? Naye umemfunika wapi?"

Thadei alivua glavu. Masihara yalimtoka usoni.

"Mabibi harusi wote wa mji huu nimewaona kwenye kioo cha gari hili, Ludo. Wengi wanalia. Bwana harusi yuko pembeni anapungia watu mkono, haoni. Mimi naona, na siruhusiwi kugeuka. Niliogopa siku moja nikitazama kioo nikukute wewe unalia."

Hasira ya Ludovika ikayeyuka pale pale. Alifunga mlango wa nyuma, akazunguka, akaketi kiti cha mbele.

"Mimi nitakaa hapa. Nikilia, utaniuliza sababu. Sasa twende kwa baba."

"Bila mshenga?"

"Hamna mila nyie?" Mama Walburga alikuwa ameshaingia nyuma, analisukuma gunia kwa nyonga. "Mshenga ni mimi. Endesha, baba, na usiharakishe."

Wakauacha uwanja bila kumaliza hata mzunguko mmoja. Walipokaribia Mfaranyaki, kwao Ludovika, Thadei aligeuza kichwa.

"Ludo, mbona unalia?"

"Nina furaha, mjinga wewe," alisema Ludovika. "Tazama barabara."