Maranda Mlangoni

Kila jioni, akishapeleka maji bandani, Otilia alifagia maranda ya mbao ambayo kuku walikuwa wameyaparura kutoka sakafuni hadi kwenye kizingiti cha banda la kuku la kwao, kijijini Mpui. Kimlango cha banda kiliendeshwa na betri ya sola: giza likiingia kilishuka chenyewe, kukicha kilipanda. "Maranda yakijaa hapo chini," baba yake, Urbano, alimwonya, "mlango hautafika mwisho."

Jumamosi moja upepo wa baridi ulivuma tangu mchana. Otilia alikuwa akiota moto jikoni. "Mlango utajifunga tu," alijiambia, akabaki pale pale.

Asubuhi walikuta manyoya yametapakaa bandani. Kuku wote waliokuwa wakitaga walikuwa wamekufa. Mama alikaa juu ya ndoo.

"Ni mbwa wa Mayunga!" baba alifoka. "Jana alizungukazunguka hapa. Leo lazima auawe." Akatoka mbio kwenda kwa jirani.

Otilia aliinama. Kimlango kilikuwa kimekwama juu ya maranda yaliyoshindiliwa na miguu ya kuku, kikaacha upenyo mdogo. Mbwa asingepita pale. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mbwa yule?

Akakimbia.

Mzee Mayunga alikuwa ameshika kamba ya mbwa. "Kama kweli ni yeye, jirani, mchukue," alisema kwa sauti ya chini. Binti yake, Kabula, alimkumbatia mbwa shingoni huku akilia.

Hata shikamoo Otilia aliisahau. "Baba, siyo mbwa! Sikufagia maranda jana. Mlango haukujifunga."

Baba akarudi bandani. Alipiga magoti, akapima upenyo kwa kiganja. Kwenye ubao zilikuwa zimenasa nywele nyeusi na nyeupe. "Kicheche," alisema. Akainuka, akarudi kwa Mayunga kumwomba radhi.

Aliporejea, alimkabidhi Otilia ufagio.

"Nimekasirika, mwanangu, na kuku hawatarudi. Betri inashusha mlango, lakini haioni maranda. Kuona ni kazi yako. Ila ungenyamaza, ningemuua mnyama asiye na kosa, na Mayunga nisingeweza kumtazama tena usoni. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako."

Jioni ile Otilia alifagia kizingiti mpaka ubao ukaonekana. Kisha akasimama kwenye upepo, akitetemeka, hadi kimlango kiliposhuka na kugusa chini.