Jiwe la Volterra Lililozimwa

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya harusi yake, Estella aliwasha taa ya baba yake sebuleni, nyumbani kwao katika mtaa wa Sydenham. Balbu iliwaka, lakini bakuli la jiwe lililoifunika halikupitisha mwanga hata kidogo. Tangu Estella akiwa mtoto hadi juzi usiku, bakuli hilo lilikuwa likijaza chumba rangi ya asali. Sasa lilikuwa jeupe tupu. Baba yake, fundi Pierre-Claver, aliyelichonga kwa mkono wake, aliligusa, akaketi.

"Bameiba alabasta yangu," alisema. "Hii iko marumaru. Mutu amebadilisha. Na funguo ya hii nyumba, inje ya sisi wawili, iko kwa Israël tu."

Israël ndiye bwana harusi.

Estella alimkimbilia Elkanah, jirani yao Mkenya, aliyekagua madai ya bima kwa ajili ya riziki na mambo ya watu kwa ajili ya raha.

"Kama Israël ni mwizi, harusi hakuna," Estella alimwambia. "Kama si yeye, papa Elkanah, nionyeshe leo. Familia yake inafika kesho kutoka Lubumbashi."

Elkanah aliwapenda watu hawa, na jambo hilo lilimkera. Mkaguzi akishaanza kupenda, macho yake huingia ukungu.

Alianza na Israël, kwenye duka lake la simu katikati ya jiji.

"Jana uliingia kwa mzee?"

"Niliingia mchana, papa. Nilipeleka viti vya harusi. Mzee alikuwa jikoni, sufuria kubwa iko kwa moto. Akanifukuza."

"Alikuwa anapika nini?"

Israël alifikiri. "Sikusikia harufu ya kitu."

Kutoka hapo alikwenda kwa Jules, muuza vitu vya kale wa mtaa wa pili, ambaye aliwahi kumbembeleza mzee amuuzie taa ile kwa bei nzuri akanyimwa.

"Mimi? Jana nilishinda Pinetown, uliza vijana wangu," Jules alisema. "Na mwizi gani anabeba jiwe zito kuja kuacha jiwe zito? Eish! Labda umuulize Pierre-Claver mwenyewe habari za Volterra. Ila ukimuuliza, leo hutoki."

Elkanah alikwisha kuzionja habari hizo. Pierre-Claver alijifunza kazi ya kuchonga mawe miaka tisa katika mji huo wa Italia, mji wa juu ya kilima, uliozungukwa na kuta, ambako watu wa kale walichonga masanduku ya majivu ya wafu wao kwa alabasta, jiwe laini linalopitisha mwanga. Mafundi wake mpaka leo hutoka karakanani weupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Wachuuzi wa Volterra walizunguka dunia nzima," Jules aliendelea. "Na walikuwa wajanja! Mteja akitaka marumaru, alabasta inawekwa ndani ya maji, inapashwa moto polepole. Mwanga wake unakufa. Kwa macho, hutaitofautisha na marumaru."

Elkanah aliacha kuandika. Alikwisha kujua, na hakutaka kujua.

Saa kumi jioni aliwakusanya sebuleni: Estella, Israël na mzee. Aliweka picha ya uchumba wa Estella na Israël, waliyopiga mbele ya taa ile, kando ya bakuli.

"Mshipa huu wa kahawia ukingoni, tazameni. Kwenye picha upo palepale, umepinda vilevile. Mshipa wa jiwe hauigiki." Aligeuza bakuli, akakwaruza chini kwa ukucha. Unga mweupe ukadondoka. "Na marumaru haikwaruziki kwa ukucha. Hakuna kilichoibwa. Bakuli ni lile lile, limechemshwa. Mzee, miaka tisa Volterra, halafu kidole chako kishindwe kulitambua jiwe ulilolichonga mwenyewe?"

Pierre-Claver alipitisha kidole ukingoni mwa bakuli.

"Maman yako alifia hapa," alimwambia bintiye. "Weye ukienda, nabaki na nani? Nilifikiri harusi itasimama kidogo tu. Kuivunja taa, mkono ulikataa."

"Ukaona afadhali umvunje Israël?" Estella aliuliza. "Na mwanga wa jiwe utarudi?"

"Haurudi."

Mzee alisimama mbele ya mkwewe, akavua kofia. Kwao, baba mkwe hamvulii kofia mkwe.

"Fils, mwanangu, nilikuchafulia jina. Unisamehe."

Israël alikuwa na hasira ya haki, na Elkanah hakuona sababu ya kuipoza.

"Imeniuma, papa. Itaendelea kuniuma." Kisha akamtazama Estella, naye akaitikia kwa kichwa. "Tulitaka kusema Jumamosi, kwa karamu, mbele ya watu wote. Ile nyumba tumepanga iko na vyumba viwili vya kulala. Cha pili ni chako, tulichagua dirisha ya kuangalia mashariki, kwa sababu Estella anasema unaamka mapema."

Pierre-Claver alifunika uso kwa viganja vyake vikavu, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.