Haruni Alisimama Juani

Mpunga ulipoanza kukomaa, kila alfajiri Johari na mama yake, Mwanabibi, walishuka bondeni kuamia ndege. Mama alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti, akipiga debe kuwafukuza. Johari, mwenye miaka kumi na miwili, alizunguka shambani akiwarushia mawe kwa teo lake, huku baba yake, Haruni, akiziba njia za nguruwe. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na bonde lile la Rufiji, chini ya Kibiti, ndilo lililowalisha.

Mwaka ule Jumbe Abdalah, mkuu wa kijiji, alianza kuwanyang'anya watu mashamba ya bondeni na kuwapa wakwe zake wa Bungu. Kila dungu lilinung'unika.

"Safari hii hapiti," mjomba Mshamu, kaka yake Mwanabibi, aliapa. "Wallahi, siku ya kura nitamgeuzia kisogo!"

Kura za siku zile hazikuwa za karatasi. Wanaume walipa kodi walikusanywa barazani mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali. Anayemtaka Jumbe alisimama nyuma yake. Asiyemtaka alisimama ng'ambo. Wanawake na watoto walitazama tu.

Siku ilipofika, wanaume wote walijipanga nyuma ya Jumbe, kivulini. Haruni peke yake akavuka, akasimama juani.

"Haruni, umepotea njia?" mmoja akamcheka. "Huko ni kwa kuanikia mpunga!"

"Basi nianike. Nyinyi mnaoza huko kivulini."

Bwana Shauri akamkazia macho. "Una nini wewe?"

"Jumbe anatunyang'anya mashamba, Bwana."

"Ni kweli?" Bwana Shauri akawauliza wengine.

Kimya. Kwao, aibu ya ndugu haitolewi nje mbele ya mgeni. Heshima gani hiyo, inayomlinda mnyang'anyi na kumwacha aliyenyang'anywa? Johari akamtazama mjomba wake. Mshamu alikuwa akichimba mchanga kwa kidole cha mguu. Majina ya walionyamaza siku ile yanakumbukwa mpaka leo, yote.

Jumbe akapita. Juma lile lile akalichukua shamba la Haruni, mpunga ukiwa umesimama. Wakwe zake wakauvuna. Haruni akapanda mlimani kulima mihogo kwenye mchanga, na huko njaa na homa vikamkuta pamoja. Masika hayakumkuta hai. Msibani, Johari alimsikia mtu akinong'ona, "Alijitakia mwenyewe."

Msimu uliofuata, Mshamu naye akanyang'anywa. Alikuja kwa dada yake, akaketi mlangoni akilia.

"Dada, nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini machozi hayapigi kura. Baraza lijalo utasimama wapi?"

"Aliposimama shemeji."

Bwana Shauri aliporudi, Mshamu alivuka wa kwanza. Akafuata Mfaume jirani yake, kisha mwingine, na mwingine, mpaka Jumbe akabaki na wakwe zake tu.

"Mara iliyopita alisimama mmoja hapo," Bwana Shauri akasema. "Yuko wapi?"

"Kaburini, Bwana," Mshamu akajibu.

Jumbe akaondolewa, mashamba yakarudishwa. Vigelegele vikapigwa kijiji kizima, lakini Johari hakuweza kufurahi.

"Mama, wangevuka siku ile, baba angekuwapo?"

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu. Shamba lingekuwapo, na mchele nyumbani."

"Basi alisimama bure?"

"Hakusimama bure. Asingekuwapo hata mmoja juani, Jumbe angesema wote tunampenda, na leo mjomba wako asingejua pa kuvukia. Kusema simtaki si utovu wa adabu, Johari. Ukiona dhuluma, vuka, hata ukiwa peke yako. Na ukimwona mwenzio amesimama peke yake, usingoje zamu yako ifike. Mfuate siku ile ile."