Chungu Ambacho Mzee Dadi Hakukitaja

Kazija binti Dadi ndiye aliyesimulia kisa hiki kwanza, Kitomanga, mwaka 1938, akimsimulia bintiye Mwahija. Mwahija amekisimulia mbele yangu mara mbili bila kubadili neno.

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipokaribia Kitomanga, Mzee Dadi aliamua kuandika wasia. Mkewe alikwisha kufa. Watoto wake walikuwa wawili, Mfaume na Kazija. Alimwita Mwalimu Fakihi aandike, na jirani yake Bakari ashuhudie. Wakaketi barazani saa tatu asubuhi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa wino. Jua lilikuwa kali, lakini kila mstari ulibaki mbichi, ukinuka manyoya ya kuku yaliyoungua.

"Mwalimu, wino wako umeuchemshia jikoni?" Mfaume akatania.

"Nyamaza, wewe. Endelea, Mzee Dadi."

Dadi alitaja shamba, minazi saba, nyumba na gobori lake. Hakutaja chungu kilichofunikwa mvunguni mwa kitanda. Humo alimfuga jini wa ukoo, aliyemrithi kwa babake na kumlisha damu ya jogoo kila Rajabu. Desturi ilitaka mfugaji amtaje kwa sauti atakayempokea jini, na huyo akubali kwa sauti. Lakini Dadi alimwonea haya mwalimu. Akamalizia upesi:

"Na chochote kilichomo nyumbani nisichokitaja ni cha Mfaume, siku nitakapokufa."

Chumbani, kifuniko cha chungu kilianguka.

Kazija alitoka mlangoni. "Baba," akanong'ona, "umeshampa. Futa. Futa upesi."

Dadi alifungua kinywa afute, na hapo hapo taya lake likavutwa upande mpaka likalia kama kuni kavu, akainuliwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona, akapigizwa kichwa kwenye nguzo ya baraza mara moja, na ya pili, na ya tatu, huku Bakari akilia "Yarabi, Yarabi," na damu ikirukia karatasi. Na kila ilipoangukia, wino ukakauka.

Mfaume alimwendea babake. Aliponyanyuka, alimkaba Fakihi shingo kwa mkono mmoja. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kikongwe.

"Mwenyewe amekufa. Nimefika kwangu."

"Kazija!" Fakihi alikoroma. "Wasia kwa mrithi hausimami ila mrithi mwenzake aridhie. Je, waridhia?"

"Siridhii! Mwache kaka yangu!"

Mkono ulilegea. Mfaume akaanguka, povu mdomoni. Fakihi alisoma Ayatul Kursi na kuichana karatasi vipande vipande.

"Ametoka?" Bakari aliuliza.

"Wasia umebatilika. Hana pa kushika."

Mfaume alitabasamu, macho yamefumbwa. "Vyema, mwalimu," ile sauti ikasema kwa adabu. "Kama hakuna wasia, nigawe kama sheria inavyogawa."

Fakihi alividondosha vipande vya karatasi. Alijua, na Kazija pia alijua: mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Kazija akahisi baridi ikimpanda kooni, na ladha ya damu ya kuku.

Tangu siku hiyo, katika kila siku tatu, jini alimpanda Mfaume siku mbili na Kazija siku moja. Siku ya Kazija, mwenyewe alimwomba Fakihi amfunge nguzoni kwa kamba ya usumba wa nazi. Mfaume hakufungika. Alimng'oa Bakari koo kwa meno, mbele ya watoto wa Bakari mwenyewe. Askari wa Wajerumani walipofika kuchoma nyumba, aliwaendea mikono mitupu akicheka. Walimpiga risasi sita ndipo akaanguka, na wawili wao hawakuondoka wazima.

Kazija aliporudi kutoka mafichoni alikuta nyumba imekuwa majivu. Chungu kilikuwa pale pale, baridi, kimefunikwa. Alikipakata, akasema kwa sauti kile ambacho babake alikionea haya:

"Jini wa ukoo wetu, nimekupokea mimi Kazija. Usimguse mwingine."

Kisha akaondoka nacho.

Dadi, Mfaume, Bakari na Fakihi wote ni marehemu. Kazija alifariki mwaka 1951. Mwahija, mtoto wake wa pekee, yu hai, anaishi Mtama. Kila Rajabu hununua jogoo mmoja, wala hajawahi kutualika kula nyama yake.