Kaunta Iliyoshiba Mafuta

Kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza kusafisha koo, Mama Mikate alikuwa amesimama jikoni, mikono imezama kwenye unga. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya mikate yake. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na huko halikumsumbua mtu.

Unga wake aliukandia kwenye kaunta. Ilikuwa ubao mmoja mrefu, mnene, uliokaa chini ya dirisha tangu mama mkwe wake alipokuwa bibi harusi. Kwa heshima zote, ubao huo ulikuwa umezeeka vibaya. Ulikuwa mweusi. Ulikuwa na nyufa. Ulikuwa na duara la kuungua pale sufuria ya moto ilipowekwa na mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza. Tena ulinata. Ukiegemeza kiwiko, kiliomba ruhusa kabla ya kuondoka.

Siku moja mwanamke aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, ng'ambo ya barabara, alinunua mkate wa Mama Mikate. Alikula kipande. Akala cha pili, akafumba macho. Kisha akasema kwamba shule inatafuta mtu wa kuleta mikate kila asubuhi, kwa maana wanafunzi wake wana njaa isiyo na dawa. Ila utaratibu ni utaratibu. Jumamosi angekuja kuliona jiko lenyewe. Likimridhisha, kazi ni ya Mama Mikate. Lisipomridhisha, atatafuta mwingine.

Mama Mikate alirudi nyumbani akiruka madimbwi kama msichana. Alikuwa amechoka kuuza mikate kwenye beseni kando ya barabara, akigombana na vumbi kiangazi na matope masika. Lakini alipoingia jikoni na kuitazama kaunta kwa macho ya mgeni, aliweka beseni chini.

"Baba watoto," aliita, "hebu njoo uone tunapokandia."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa matumaini makubwa. Hakuwahi kutupa kitu. Alisema kaunta mpya ni ghali, tena ya nini, wakati rangi ipo? Akaingia stoo, akatoka na kopo la rangi ya kijani iliyobaki walipopaka geti. Kabla jua halijazama, kaunta ilikuwa kijani kibichi, inang'aa kama uwanja wa mpira. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliichunguza kwa makini. Akasema haijapungukiwa na kitu, ila magoli.

Asubuhi Mama Mikate aliigusa kwa kidole. Akaona imekauka. Akakanda unga kwa mwanga wa taa, akaoka. Mteja wa kwanza, kama kawaida, alikuwa jirani yao, seremala mwanamke. Watu walimwita Bi Msasa, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya ulimi wake. Alichukua mkate wake, akaenda zake. Haukupita muda akarudi, mkate ameushika kwa vidole viwili, ameugeuza juu chini.

"Mama Mikate," alisema, "nimekula mikate mingi katika maisha yangu. Huu ndio wa kwanza kuota nyasi."

Wakaitazama mingine. Yote ilikuwa na tumbo la kijani. Fundi baiskeli alipendekeza mikate wapewe kuku. Bi Msasa akakataa katakata: rangi ya geti ni sumu, na kuku naye ana roho. Mikate ikafukiwa shimoni pamoja na takataka. Mama Mikate alikaa kwenye kigoda, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Akasema basi, yaishe. Atampelekea mpishi mkuu ujumbe kwamba asije.

"Aliyekufa ni nani?" Bi Msasa aliuliza. "Hebu nipisheni."

Akaingia jikoni. Akaikwangua ile kaunta kwa ukucha. Rangi ikajikunja kama utando wa maziwa. Akanusa. Akauliza huwa wanaisafisha vipi.

Mama Mikate alijibu kwa fahari kidogo, hata katika msiba wake. Kila jioni aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, ipate kung'aa. Hakuacha hata siku alizokuwa mgonjwa. Alifundishwa na mama mkwe wake. Bibi, aliyekuwa mlangoni, akatikisa kichwa kukubali.

Bi Msasa alicheka hadi akashika ukuta.

"Jamani, kumbe mlikuwa mnailisha! Mafuta ya kupikia hayakauki vizuri kwenye mbao. Yanaganda juu, yananata, yanachacha. Kila vumbi linalopita linapewa kiti. Na rangi haishiki juu ya mafuta. Hii kaunta imeshiba mpaka imetapika rangi."

Bibi alisema kwa upole kwamba yeye naye alifundishwa na mama yake, na marehemu hawezi kuulizwa maswali.

"Simlaumu mtu, mama," Bi Msasa alisema. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. "Sikieni sauti hiyo. Hii ni mbao ngumu ya zamani. Siku hizi mbao kama hii hainunuliwi, inarithiwa. Hamhitaji kaunta mpya. Mnahitaji msasa na nguvu ya mkono."

"Nguvu zipo," fundi baiskeli alisema, akikunja mikono ya shati.

"Hizo ndizo zinazoniogopesha."

Kabla ya yote, Bi Msasa aliuliza kama kaunta ilishawahi kupakwa rangi nyingine zamani. Bibi akaapa haijawahi. Bi Msasa akashukuru, kwa sababu rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Mbao yenye rangi ya namna hiyo haipigwi msasa nyumbani.

Kazi ikaanza. Vyakula na vyombo vyote vilihamishiwa sebuleni. Jiko likazimwa kabisa, madirisha yakafunguliwa. Rangi ilikwanguliwa kwa kisu butu, nayo ikatoka bila ubishi, maana haikuwa imeshika popote. Mabaki yakafutwa kwa kitambaa chenye tapentaini. Ndiyo maana moto ulizimwa: tapentaini hushika moto upesi. Kisha kaunta ikasuguliwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa uani na sabuni ya unga, tena na tena. Maji yalitoka meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Bibi aliyatazama yakimwagwa, akasema kwa unyonge kwamba pale yanamwagika mafuta ya ndoa yake nzima.

Wakaiacha ikauke vizuri. Mbao yenye maji haipigwi msasa. Siku hizo Mama Mikate alikandia unga kwenye sinia, mezani sebuleni, na kila akipita jikoni alichungulia kama anayemwangalia mgonjwa.

Ilipokauka, Bi Msasa alikuja na vipande vitatu vya msasa: mkali, wa kati na laini. Kila kimoja alikizungusha kwenye kipande cha ubao ili kisugue sawasawa. Wote wakajifunga vitambaa puani. Fundi baiskeli akaanza kwa kishindo, akisugua huku na huku kama anayezima moto.

"Simama," Bi Msasa alimwambia. "Nywele unazichana au unapigana nazo? Tazama mistari ya mbao inaelekea wapi. Fuata huko huko. Ukikata njia, unaacha mikwaruzo, na ukipaka mafuta itaonekana yote."

Akafuata mistari. Msasa mkali ukaondoa weusi. Lile duara la kuungua likafifia, likabaki kivuli, likatoweka. Mama Mikate akaingia na kipande chake, asingoje kuambiwa. Na hapo, chini ya mikono yao, rangi ya mbao ikaanza kutokea: nyekundu ya kahawia, yenye mistari myepesi kama mawimbi ya mchanga. Mama Mikate alimwita mumewe aone, ingawa mumewe alikuwa ubavuni mwake. Watoto wakaja mbio. Bibi akapita katikati yao, akaipapasa mbao kwa kiganja, akasema ndivyo ilivyokuwa siku alipoletwa nyumba ile, na yeye alikuwa amesahau.

Nyufa hazikumshinda Bi Msasa. Alichukua vumbi la msasa wa mbao hiyo hiyo, akalichanganya na gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, akazijaza. Gundi ilipokauka, wakapitisha msasa laini hadi kiganja hakikuhisi kitu. Kisha wakafuta vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu.

"Sasa mafuta," Bi Msasa alisema. Mama Mikate akageuka kuchukua chupa ya mafuta ya kupikia. "Na ukiigusa hiyo, nakwenda zangu."

Alitaka yale mafuta maangavu ya duka la dawa, wanayokunywa watu wenye choo kigumu. Hayachachi, hayana ladha, na hayadhuru chakula. Fundi baiskeli akatumwa. Muuza dawa alimuuliza mgonjwa ni nani. Akajibu kwamba ni kaunta, na hali yake inaendelea vizuri. Muuza dawa akampa chupa bila swali jingine.

Walipaka kwa kitambaa safi, wakaacha mbao inywe, wakafuta yaliyobaki juu. Ilipoyanywa wakarudia, hadi mbao ikakataa kunywa zaidi. Bi Msasa akatoa amri zake za mwisho. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kibao. Kisu kikate kwenye ubao wa kukatia. Kaunta ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikaushwe papo hapo, na ipewe mafuta ya duka la dawa kila ikianza kupauka. Alipoulizwa malipo, alisema anataka mkate wa moto, wa kwanza kutoka, na uwe na rangi ya mkate.

Jumamosi mpishi mkuu aliingia. Hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapitisha kiganja kutoka mwisho mmoja wa kaunta hadi mwingine. Akadondosha maji kidogo kutoka kwenye kikombe. Matone yakakaa juu, mviringo, yanang'aa, hayakuzama. Akayafuta.

"Hii mmeinunua wapi?"

Fundi baiskeli akafungua kinywa. Mkewe akamwahi.

"Ilikuwa hapa hapa, dada. Sisi ndio hatukuijua."

Mpishi mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema shuleni ana meza ndefu ya mbao, nyeusi kama masizi, ambayo alikuwa karibu kuichoma kuni. Angependa kuzungumza na fundi wao wa mbao. Halafu akaaga. Alipofika mlangoni akageuka, kana kwamba amekumbuka jambo dogo.

"Jumatatu mikate ifike kabla ya kengele. Wale watoto wakikosa chai watanila mimi."

Mama Mikate alimsindikiza hadi getini kwa adabu zote. Akarudi, akafunga mlango, akamkumbatia mumewe kwa nguvu hadi kofia yake ikadondoka. Kisha akanawa mikono, akamwaga unga katikati ya kaunta, na nyumba nzima ikasogea karibu kumtazama akikanda.