Bahasha Hamsini na Nane

Kila asubuhi Bi Mize hukanda unga wa chapati, kisha huokota barua zilizodondoka mlangoni. Barua za Kiingereza humchosha. Kwa hiyo bahasha ya kura ya posta ilipofika, hakujipa tabu. Alimpa Bwana Idd, kama walivyofanya jirani zake pale mtaani Small Heath, ughaibuni. Idd ndiye husimamia arusi na misiba ya mtaa. Mtu wa watu hasa.

"Tia saini hapa tu, Bi Mize. Karatasi ya kura iache tupu, nitakujazia."

Akatia saini. Angemkataliaje mtu aliyesimamia maziko ya mumewe?

Baada ya uchaguzi alikuja Kerubo, jirani Mkenya anayefundisha takwimu chuoni. Alikuwa ametoka kukagua daftari la waliorudisha kura za posta. Daftari hilo mwananchi yeyote huruhusiwa kulitazama. Siku hiyo hakuwa na utani wake.

"Mama, hebu ona." Alihesabu maharagwe kumi mezani, akasogeza saba. "Mitaa mingine, kati ya watu kumi waliopewa bahasha, saba hurudisha. Wengine husahau, wengine husafiri, wengine hawataki. Ndivyo watu walivyo. Mtaa wetu zilitolewa sitini. Zimerudi hamsini na nane."

"Si vizuri hivyo, mwanangu?"

"Huenda ni vizuri. Hesabu peke yake haimtii mtu hatiani. Inatuonyesha tu mahali pa kuuliza. Sasa nakuuliza: kura yako ilimwendea nani?"

Bi Mize aliisahau chapati mpaka ikaungua. Hakujua. Marehemu mumewe alikuwa akivaa koti lake zuri siku ya kura, lakini yeye Bi Mize kura yake ameigawa kama sahani ya pilau. Aliona aibu, kisha akaona hasira.

"Nikisema, nani atakuja msibani kwangu?"

"Mimi nitakuja," alisema Kerubo. "Kura unaijaza mwenyewe, kwa siri. Bahasha unaifunga mwenyewe. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, ofisi ya uchaguzi itakusaidia. Ukishaitoa karatasi tupu, umeshaitoa kura yenyewe."

Kesho yake walipanda basi mpaka kituo cha polisi. Bi Mize alieleza yote, hata kosa lake. Wanawake kumi na mmoja wa mtaa wakafuata, nao wakaeleza yao. Polisi wakahoji, wakalinganisha saini, na kesi dhidi ya Bwana Idd ikafika mahakamani. Siku hizi Bwana Idd akimwona Bi Mize hata salamu hampi, na jambo hilo humuuma mama huyo kweli.

Uchaguzi uliofuata, Bi Mize alifunga mlango wa jikoni, akajaza karatasi yake taratibu, akaenda kuitia posta mwenyewe.

Kerubo alirudi tena kwenye daftari. "Safari hii zimerudi arobaini na moja."

"Zimepungua."

"Zimepungua, Mama."

"Ndivyo watu walivyo," alisema Bi Mize, akageuza chapati.

"Na yako ilimwendea nani?"

"Namjua," alisema. "Ila sikwambii."